Yoga na tredmili nyumbani: Kidole kimoja hakivunji chawa

Katika baadhi ya nyumba za Mombasa, Malindi na Diani siku hizi utakuta mkeka wa raba umekunjwa nyuma ya mlango. Katika nyingine utakuta mashine ya kukimbilia, ile inayoitwa tredmili, imesimama pembeni mwa sebule huku imeanikwa taulo na madera. Wenye mkeka husema mashine ni kelele na kuumiza magoti. Wenye mashine nao husema yoga ni kujinyoosha tu, mtu hatoki hata jasho. Ni nadra kukuta nyumba yenye vyote viwili vikitumika kwa mpango.

Makala haya yanaeleza kwa nini vitu hivi viwili vinahitajiana, namna ya kuviunganisha katika wiki moja, na mambo ambayo sisi wa Pwani lazima tuyazingatie kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha. Neno la msingi ni hili: yoga hutengeneza viungo, mizani na pumzi, lakini yoga ya kawaida ya polepole haiupi moyo kazi ya kutosha. Tredmili huupa moyo kazi hiyo, lakini hukaza mwili. Kila kimoja hujaza pengo la mwenzake.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Utafiti wa kitaifa wa STEPS uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa wakipata matibabu. Huku kwetu kila familia ina mgonjwa wa presha au wa sukari. Kila anayetoka kliniki huambiwa maneno yaleyale: punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi. Neno hilo la mwisho ndilo ambalo aghalabu halifafanuliwi. Mazoezi gani? Kwa muda gani? Wapi?

Swali la wapi ni zito zaidi kwa kina mama. Mwanamume anaweza kuamka alfajiri akatembea kutoka Tononoka hadi Mama Ngina na kurudi bila kuulizwa. Mwanamke anayejistiri, mwenye watoto wa kuandaa kwenda shule na mahamri ya kukaanga, hana nafasi hiyo kila siku. Msimu wa masika ukifika, vichochoro hujaa maji na hata huyo mwanamume hukaa ndani. Mazoezi ya nyumbani kwa watu kama hawa si anasa. Huenda ndiyo njia pekee waliyo nayo.

Yoga inafanya nini, na haifanyi nini

Yoga ilizaliwa Bara Hindi na leo imeenea kote duniani. Tangu mwaka 2015, Juni 21 huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga chini ya Umoja wa Mataifa. Hapa Pwani, Lamu ina tamasha lake la yoga linalovutia wageni wa ndani na nje. Hapa tunaizungumzia kama mazoezi ya mwili na pumzi. Mwenye swali la dini kuhusu maneno yanayotamkwa katika baadhi ya madarasa, amuulize mwalimu wake wa dini. Kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi hakuhitaji kutamka chochote.

Faida zake ni za kweli. Mikao ya kusimama hujenga misuli ya mapaja na kiuno. Kusimama kwa mguu mmoja, kama katika mkao wa mti, hufunza mizani, jambo ambalo humwokoa mzee asianguke bafuni. Kupinda na kunyoosha uti wa mgongo humsaidia anayekaa kwenye kiti cha ofisi, cha teksi au cha duka kutwa nzima. Pumzi ndefu za polepole hutuliza akili na kuteremsha mapigo ya moyo.

Tatizo liko kwenye kipimo cha nguvu. Wataalamu wa mazoezi hupima kazi kwa kulinganisha nishati anayotumia mtu na ile anayotumia akiwa amekaa kimya. Yoga ya kawaida, ile ya mikao ya polepole, hukadiriwa kuwa mara 2.5 ya kukaa. Kutembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni karibu mara 3.5. Mazoezi huhesabiwa kuwa ya kiwango cha kati yanapofikia mara 3. Kwa hivyo saa nzima ya yoga ya polepole inaweza kupita bila moyo kufika kwenye kiwango hicho.

Si yoga yote iliyo hivyo. Mizunguko ya salamu za jua ikifanywa mfululizo huvuka mara 3, na yoga ya haraka yenye kuruka na kujisukuma huweza kufika mara 4. Lakini mtu wa miaka 50 mwenye kilo nyingi na magoti yanayolia hawezi kuanza na hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kiwango cha kati kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Juu ya hayo, afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Wazee huongezewa mazoezi ya mizani. Tazama mgawanyo huo vizuri. Yoga inaweza kubeba sehemu ya misuli na ya mizani. Zile dakika 150 za moyo ndizo zinazobaki bila mwenyewe.

Tredmili inafanya nini, na inadhuru wapi

Mashine hii haikuanza kama chombo cha afya. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyaga lililotumika kuwafanyisha kazi wafungwa magerezani. Miaka zaidi ya 130 baadaye, mwaka 1952, daktari Robert Bruce na mhandisi Wayne Quinton wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitengeneza tredmili ya kupima moyo wa mgonjwa akiwa anatembea. Kipimo hicho bado kinatumika katika hospitali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi William Staub, baada ya kusoma kitabu cha daktari Kenneth Cooper kuhusu mazoezi ya moyo, alitengeneza mashine rahisi ya kuwekwa nyumbani. Hiyo ndiyo bibi wa mashine unazoziona leo madukani.

Ubora wake ni kwamba kazi inapimika. Unajua umetembea dakika ngapi, kwa mwendo gani, kwenye mwinuko gani. Kesho unaweza kurudia au kuongeza kidogo. Hakuna mbwa, hakuna bodaboda inayokuvizia kwenye kona, hakuna anayekutazama. Kutembea pia ni mazoezi ya kubeba uzito wa mwili, na mifupa huyahitaji ili ibaki imara.

Ubaya wake ni kurudia. Katika nusu saa unapiga hatua zaidi ya 3,000, zote zikifanana, bila jiwe la kukwepa wala kona ya kukata. Misuli ya mbele ya nyonga, mashavu ya miguu na misuli ya nyuma ya mapaja hufanya kazi ileile na hukazana. Anayeangalia simu akitembea huinamisha shingo kwa muda wote huo. Hapa ndipo mkeka unapoingia. Misuli inayokazwa na tredmili ndiyo hasa inayolegezwa na yoga.

Kipi kitangulie?

Kwa siku ambayo utafanya vyote viwili, tembea kwanza, yoga baadaye. Kutembea hupasha mwili joto, na misuli yenye joto hunyooka kwa urahisi kuliko ile iliyotoka kitandani. Kujinyoosha kwa nguvu na kwa muda mrefu kabla ya mazoezi hupunguza nguvu ya misuli kwa muda, na hakuna faida ya kupanda mashine ukiwa na miguu iliyolegea. Ukitaka yoga kidogo kabla, fanya miondoko myepesi tu: zungusha mabega, zungusha vifundo vya miguu, inua magoti moja moja.

Unapomaliza kutembea usishuke ghafla. Teremsha mwendo kwa dakika 5 hadi ufike hatua za polepole kabisa. Miguu ikisimama kwa ghafla, damu hubaki chini na mtu huona kizunguzungu. Ukishuka sakafu huonekana kama bado inatembea. Simama kidogo, kunywa maji, subiri pumzi irudi, kisha kaa kwenye mkeka. Mikao ya kuinamisha kichwa iache hadi moyo utulie.

Wiki moja ya mfano

Kwa mtu ambaye tayari anafanya yoga na hana ugonjwa unaomzuia, ratiba hii inafikia dakika 150:

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: tembea dakika 30, kisha yoga fupi ya dakika 10 hadi 15.

Jumanne na Alhamisi: tembea dakika 10 za kupasha mwili, kisha yoga kamili ya dakika 40, yenye mikao ya nguvu na ya mizani.

Jumamosi: tembea dakika 40. Ukiweza, siku hii toka nje.

Jumapili: pumzika, au fanya mazoezi ya pumzi peke yake.

Hesabu yake ni dakika 90 za siku tatu za kwanza, 20 za Jumanne na Alhamisi, na 40 za Jumamosi. Jumla 150. Mwenye siku nyingine ya mapumziko anaweza kuzihamisha. La muhimu ni jumla ya wiki.

Anayeanza kutoka sufuri asijaribu ratiba hii wiki ya kwanza. Aanze na dakika 10 kwa siku, aongeze 5 kila wiki. Wiki ya tano atakuwa kwenye dakika 30 na mwili hautakuwa umelalamika. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwendo, mwinuko na mikono

Huhitaji kukimbia. Watu wengi wanaoacha tredmili ni wale walioipanda siku ya kwanza wakaipeleka mbio, kesho yake wakashindwa kushuka ngazi. Kipimo rahisi ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha kati. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mwenye mazoea ya yoga ana kipimo kingine cha ziada: ajaribu kupumua kwa pua peke yake. Pumzi ikimlazimisha kufungua mdomo, ajue amepanda daraja.

Kwa wengi mwendo wa kilomita 4 hadi 5.5 kwa saa unatosha. Badala ya kuongeza mbio, ongeza mwinuko. Kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu wa mazoezi, mtu anayetembea kilomita 4.8 kwa saa mahali tambarare hutumia nishati mara 3.3 ya kukaa. Akiweka mwinuko wa asilimia 5 bila kubadilisha mwendo, hufika mara 5.3. Kazi imeongezeka kwa zaidi ya nusu, na magoti hayajagongwa na mbio hata mara moja. Panda kidogo kidogo: asilimia 1 wiki hii, 2 wiki ijayo. Mwenye maumivu ya kisigino au ya shavu la mguu abaki tambarare hadi apone, kwa kuwa mwinuko huvuta sehemu hizo.

Vile vyuma vya kushikia ni vya kupandia, kushukia na dharura. Anayening'inia juu yake anatua uzito wake kwa mikono, na namba zinazoonekana kwenye skrini si zake tena. Ukiona huwezi kutembea bila kushika, mwendo umezidi. Tembea kama unavyosimama katika yoga: kichwa juu, mabega chini, macho mbele, mikono ikiyumba yenyewe.

Mikao sita ya baada ya mashine

Yoga ya baada ya kutembea haihitaji kuwa ndefu. Mikao hii sita inafika kila mahali palipokazwa. Kaa kwenye kila mmoja kwa pumzi 5 hadi 8 za polepole, kila upande.

Kwanza, mbwa aliyeinama: mikono na miguu chini, kiuno juu kama kilele cha paa. Kunja goti moja na kunyoosha jingine kwa zamu ili mashavu ya miguu yavutike.

Pili, hatua ndefu ya goti chini: mguu mmoja mbele umekunjwa, goti la nyuma kwenye mkeka, kiuno kikisogezwa mbele taratibu. Huu ndio mkao wa muhimu kuliko yote, maana hufungua mbele ya nyonga. Weka taulo chini ya goti.

Tatu, nambari nne: lala chali, weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la pili, vuta paja kifuani. Matako na nyonga hulegea bila kuumiza goti.

Nne, lala chali uinue mguu mmoja, ukipitisha leso nyuma ya wayo na kuivuta. Leso ya kawaida inatosha, huna haja ya kununua mkanda wa yoga.

Tano, daraja: lala chali, kunja magoti, inua kiuno. Huimarisha matako, ambayo mtu anayekaa sana huwa hayatumii vizuri hata akitembea.

Sita, miguu ukutani: lala chali, egemeza miguu ukutani kwa dakika 3 hadi 5. Hapa ndipo mapigo ya moyo hushuka kabisa.

Mkeka wa ukili tuliozoea hauifai kazi hii kwa sababu huteleza kwenye sakafu ya vigae. Mkeka wa raba ndio unaoshika. Ukikosa, fanya mikao ya kulala tu kwenye mkeka wa kawaida, na ya kusimama ifanye pekupeku sakafuni.

Mambo ya Pwani

Joto. Februari na Machi, kaskazi ikikaribia kuisha, joto la mchana hupita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu. Jasho halikauki, kwa hivyo mwili haupoi kama inavyopaswa. Weka mashine karibu na dirisha, elekeza feni kifuani, na tembea alfajiri au baada ya Isha. Mwendo uliouzoea Julai, wakati wa kusi, utaonekana mzito Machi. Punguza bila kuona haya. Ukianza kuumwa na kichwa, kuona kichefuchefu au kuacha kutoka jasho, simama, jimwagie maji, kaa penye upepo.

Chumvi. Upepo wa bahari hula chuma. Futa mashine kwa kitambaa kikavu kila baada ya matumizi, kwa kuwa jasho nalo ni chumvi. Mashine nyingi huhitaji mafuta maalumu ya silikoni chini ya mkanda. Kitabu chake kitakwambia ni baada ya muda gani. Usitie mafuta ya kupikia wala grisi ya baiskeli. Huharibu mkanda.

Stima. Tuchukue mashine inayotumia wati 600 mtu anapotembea. Nusu saa ni yuniti 0.3. Siku 5 kwa wiki ni yuniti 1.5, yaani takribani 6 kwa mwezi. Linganisha na tokeni zako uamue. Ipe soketi yake ya ukutani; usiiunganishe kwenye waya wa nyongeza pamoja na friji na pasi. Stima ikikatika ghafla mkanda husimama, na hapo ndipo vyuma vya kushikia vinapokuwa na kazi.

Ghorofa. Anayeishi juu ana jirani chini. Weka raba nene chini ya mashine, tembea badala ya kukimbia, na usiiwashe saa sita za usiku.

Mavazi. Hili wengi hulisahau. Dera, buibui, kanga inayoburura na ncha za mtandio zinaweza kunaswa na mkanda. Nyumbani kuna faragha, basi itumie: vaa suruali na blauzi inayokaa mwilini, funga nywele, vaa viatu vya raba vilivyofungwa kamba. Ndara hazifai hata kidogo. Viatu vivue unapohamia mkekani.

Watoto. Tredmili nyingi za kisasa zina ufunguo wa usalama wenye kamba. Upande mmoja unabanwa kwenye nguo yako na ukianguka, mashine huzima. Ukimaliza, chomoa ufunguo uuweke juu, na uchomoe waya ukutani. Mwaka 2009 binti wa miaka 4 wa bingwa wa ndondi Mike Tyson alifariki Marekani baada ya kunaswa shingoni na kamba iliyokuwa ikining'inia kwenye tredmili nyumbani. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton ilirudisha mashine zake zipatazo 125,000 za aina ya Tread+ baada ya watoto kuvutwa chini ya mkanda na mmoja wao, wa miaka 6, kufariki. Mashine iwe kwenye chumba chenye mlango. Nyuma yake acha nafasi ya mita 2 isiyo na ukuta, meza wala kitanda cha mtoto.

Ramadhani. Mchana wa saumu fanya yoga nyepesi ya kujinyoosha, hasa saa ya mwisho kabla ya kufuturu. Kutembea kuache hadi saa moja au mbili baada ya futari, au baada ya tarawehe, ukiwa umekunywa maji.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, kisukari cha sindano, mimba au upasuaji wa karibuni azungumze na daktari kabla ya kuanza.

Mwenye presha ya juu au presha ya macho aepuke mikao ya kusimama kwa kichwa na kuinamisha kichwa kwa muda mrefu. Mbwa aliyeinama ambadilishe kwa kusukuma ukuta akiwa amesimama, kisigino kimoja nyuma. Mazoezi ya kubana pumzi na ya kupumua kwa kasi pia si yake, wala si ya mjamzito.

Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apime kabla ya kupanda. Ikiwa chini ya 5, ale kitu kidogo kwanza, kama tende chache au ndizi, na aweke kitu kitamu karibu na mkono. Asitembee pekupeku kamwe, na kila jioni achunguze nyayo, kwani kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari huanza na lengelenge asilolihisi.

Kwa yeyote yule, maumivu ya kifua, uzito unaoshuka mkononi au kupanda kwenye taya, pumzi kukatika kusiko kwa kawaida au kutaka kuzimia ni ishara za kusimamisha mashine na kwenda hospitali mara moja.

Je, ununue?

Tredmili ya umeme hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na pesa hizo zina kazi nyingine nyumbani. Ukiwa na mahali salama pa kutembea na muda wa kwenda, huihitaji. Mama Ngina, ufuo wa Nyali maji yakiwa yamekupwa, uwanja wa mtaa, hata ngazi za ghorofa lenu, vyote huupa moyo kazi ileile. Yoga haitajua tofauti.

Kabla ya kununua, jipime. Kwa wiki 6 tembea nje, au papo kwa papo sebuleni, dakika 30 siku 4 kwa wiki, kisha malizia kwa ile mikao sita. Ukimaliza wiki hizo, umejua kwamba utaitumia mashine. Ukishindwa wiki ya pili, mashine haingekusaidia; ingekuwa kamba nyingine ya kuanikia nguo.

Ukiamua kununua, hasa ya mitumba, nenda na viatu vyako na uitembelee kwa dakika 20 hapohapo. Sikiliza kama inakwaruza, nusa kama kuna harufu ya kuungua, angalia kama mkanda unavutwa upande mmoja. Hakikisha ufunguo wa usalama upo na unazima. Soma uzito wa juu inaobeba, na uwe zaidi ya uzito wa mtu mzito kuliko wote nyumbani. Kwa kutembea mkanda wa urefu wa sentimita 120 unatosha. Mrefu mwenye kutaka kukimbia atafute 140 au zaidi. Muulize muuzaji ni nani atakayeitengeneza ikiharibika, na kama yuko Mombasa au itabidi ipelekwe Nairobi.

Ikifika nyumbani, isiwe ya mtu mmoja. Baba alfajiri, mama baada ya watoto kwenda shule, nyanya jioni kwa mwendo wa polepole huku mjukuu mkubwa amesimama kando. Mkeka utandikwe hapo hapo karibu, ili anayeshuka asihitaji kuutafuta.